Pipa la Samaki wa Chumvi

Pipa huoshwa, halisahau. Ndivyo alivyojibu Mama Ndealilia jana baada ya ibada, alipoulizwa kwa nini amempa shemeji yake mkono wa amani lakini hataki kwenda kula kwake. Nanyi vijana mkacheka, mkataka kujua pipa limeingiaje katika mambo ya kusamehe. Basi sogeeni. Methali hii ilianza hivi, huku huku Siha, na aliyeisema mara ya kwanza hakuwa anacheka.

Zamani palikuwa na mzungu mmoja, Bwana Brenani, mtu wa Ayalandi, aliyelima shayiri katika mashamba ya juu karibu na msitu. Shayiri yake hakuiuza, aliipika wiski kwa desturi ya kwao. Nafaka ililowekwa mpaka ikachipua, ikakaushwa kwa moto, ikasagwa, ikachachushwa. Kisha ilichemshwa katika chungu kikubwa cha shaba, na mvuke wake ukapozwa, ukawa maji makali. Wengine huupitisha mvuke mara mbili. Brenani aliupitisha mara tatu ili ulainike, akamwaga yaliyotangulia kutoka na yaliyochelewa, akabakiza ya katikati. Na bado alisema kwamba hapo kazi imefika nusu tu. Nusu nyingine hufanywa na pipa, kwa miaka, gizani, bila mkono wa mtu.

Mapipa yalikuwa kazi ya Ndesario. Baba yake alikuwa mchonga mizinga ya nyuki, kwa hiyo mti aliujua tangu utoto. Brenani aliagiza kwa meli mapipa makuukuu ya mwaloni yaliyowahi kuhifadhi mvinyo mtamu, kwa sababu ubao hunywa kilichomo ndani yake, na baadaye humwonjesha mgeni anayefuata. Ndesario aliyafumua, akayaranda, akayaunguza kidogo kwa ndani, akayafunga tena kwa pete za chuma. Pipa likikamilika alilipiga kwa ngumi na kulisikiliza. Likimjibu vizuri, alichonga nukta tatu chini ya tundu lake. Hiyo ndiyo ilikuwa sahihi yake. Hakuwa na shamba wala ng'ombe. Alikuwa na nukta tatu, na nyumba ya mabati aliyopewa na Brenani kwa ajili ya kazi ya mikono yake.

Kaka yake, Kirita, alikuwa nyapara wa ghala. Mwaka ule wa kujaza mapipa ya kwanza, Kirita alisahau pipa moja juani, mbao zikapasuka zisitengenezeke. Akaogopa kumwambia Bwana. Akaenda nyuma ya jiko la Bwana, akabingirisha pipa jingine la mwaloni mpaka karakana ya mdogo wake.

Ndesario aliinama, akanusa, akainuka. "Kaka, hili lilikuwa na samaki wa chumvi."

"Lilikuwa. Sasa halina. Lioshe."

"Hata nikiliosha."

"Wewe umekuwa pua ya Bwana siku hizi? Samaki waliliwa, mifupa ikatupwa, hata paka ameshakata tamaa. Lioshe, utie na nukta zako, Bwana asije akauliza."

"Na likitokea neno?"

Kirita alimwekea mkono begani. "Nitasema mimi. Tumenyonya ziwa moja, mdogo wangu. Nitasema mimi."

Basi Ndesario akaliosha. Aliliosha kwa maji ya moto na jivu, akaliparuza, akaliunguza, akalianika, akaliosha tena. Aliingiza kichwa ndani, akavuta pumzi mpaka kifua kikauma, asisikie ila harufu ya moshi na mti. Akachonga nukta tatu, na usiku akamwomba Mungu kwamba pipa lile lisahau.

Miaka mitano mapipa yalilala. Siku ya kuyafungua walikuja wanunuzi kutoka Nairobi, wamevaa vizuri, na Brenani alikuwa mwekundu kwa furaha. Pipa la kwanza lilisifiwa. La pili, mzee mmoja alifumba macho, akatikisa kichwa kwa raha. Ndesario alisimama mlangoni, kofia mkononi, akihesabu kwa jicho pipa lile lilipo. Walipolifikia, mzee yule aliinua bilauri, akaishusha kabla haijafika mdomoni. Akampa mwenzake. Mwenzake akanusa, akaiweka chini.

"Samaki," alisema.

Wakaangaliana. Kisha mzee akauliza kwa upole, "Na haya mengine, Bwana Brenani, yalikuwa na nini?"

Wanunuzi waliondoka bila kuagiza hata chupa. Brenani alipiga magoti mbele ya pipa, akapapasa chini ya tundu, akakuta nukta tatu. Akawageukia watu wake. "Nani ameleta pipa hili?"

Ndesario alimtazama kaka yake. Hakutaka kusema yeye, alikuwa ameahidiwa. Alingoja. Kirita alikuwa ameinamisha macho, anafuta mikono iliyokuwa safi.

"Mambo ya mapipa, Bwana, ni ya Ndesario," alisema Kirita. "Alama ni yake."

Jua halijazama, Ndesario na mkewe Aisia walikuwa wameketi barabarani juu ya godoro lao. Aisia aliuliza, "Kwa nini hukusema?"

"Nilidhani anavuta pumzi ili aseme," alisema Ndesario.

Tangu hapo aliishi kwa kuchonga vinu na miiko, na kila alipopita watu walimwita Fundi Samaki, hata watoto. Jumapili alisali kama wengine, lakini akifika kwenye "utusamehe makosa yetu" alinyamaza, akaungana na wenzake mbele kidogo.

Miaka ikapita. Siku moja Kirita alikuja na wazee wawili, ameshika jani la isale kuomba msamaha. Ninyi mnajua kwetu isale ni kitu gani: ukiletewa, hata kama aliyekuja amekuua nusu, hulikatai. Kirita alilia, na hakulia uongo. Ndesario alilipokea jani kwa mikono miwili. Jumapili iliyofuata alisali sala nzima, mpaka mwisho, na Aisia aliyekuwa kando yake akamsikia.

Ndipo Kirita, kwa furaha ya kusamehewa, akarudi asubuhi moja amevaa koti. "Mdogo wangu, Bwana Brenani anauza shamba, anarudi kwao wiki hii. Vaa twende kabla hajaondoka. Tusimame mbele yake wote wawili, jina lako lisafike. Usiogope. Nitasema mimi."

Ndesario alikuwa ameshashika kofia. Jina lile alilitaka kuliko chakula. Lakini aliposikia maneno yale, mkono wake ukasimama, na kofia akairudisha kwenye msumari.

"Kaka, nenda peke yako."

"Nikienda peke yangu ataniaminije? Hukunisamehe?"

"Nimekusamehe. Nimeosha kwa maji ya moto, nimeosha kwa jivu, nimeparuza mpaka nimekonda, na Mungu ameona. Lakini umesema 'nitasema mimi', nami nimesikia samaki." Akakaa chini kwenye kinu alichokuwa akikichonga. "Pipa huoshwa, kaka. Halisahau."

Kirita akashuka njia iendayo kwake, siyo ile ipandayo kwa Bwana. Brenani alisafiri, akafia kwao, na mpaka anafumba macho aliamini Ndesario ndiye aliyemharibia. Huenda asubuhi ile Kirita angesema kweli. Mungu ndiye ajuaye. Ndesario mwenyewe alijiuliza hivyo mpaka uzeeni, na alipozikwa, waliobeba jeneza walisikika wakimtaja kwa jina lile la Fundi Samaki.

Kwa hiyo msimcheke Mama Ndealilia. Mkono ameutoa, na ameutoa kwa haki. Ninyi angalieni mnachotia ndani ya mtu wakati bado ni mpya, kwa sababu siku mtakapokuja na maji, atawaruhusu mwoshe, na pengine atawasaidia kuosha. Pipa huoshwa, halisahau.