Mkungu wa Aikaruwa

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Sema wewe, sisi tumeshakaa!

Haya, kaeni vizuri, na mwenye kucheka acheke mapema, maana leo sina ya kuchekesha.

Hapo kale, kule mlimani kwenye migomba, palikuwa na mjane jina lake Aikaruwa. Amezika mume. Amezika watoto wawili. Alibaki na mama mkwe asiye na jino hata moja, na shamba la migomba lililowalisha wote wawili.

Ng'ambo ya mfereji aliishi wifi yake, Nsia, dada wa marehemu. Nsia alikuwa na mume, watoto watano na ng'ombe wa maziwa. Kila asubuhi Aikaruwa aliwasikia watoto wale wakicheka, akasema moyoni, "Mungu anampenda Nsia. Mimi hanipendi." Ndugu zangu, kidonda chenyewe ndicho hicho. Mengine yote yalitoka hapo.

Sasa, kila mwaka siku ya mavuno, Wakristo wa mlima ule walipeleka mazao kanisani, wakayapanga mbele ya madhabahu. Mwaka huo Aikaruwa alipeleka mkungu wa chane nane. Nsia akapeleka wa chane tisa. Chane moja tu! Lakini Aikaruwa hakusikia wimbo wala mahubiri, alikuwa anahesabu chane. Alirudi nyumbani bado anahesabu.

Shambani akamkuta Nungunungu amekaa kwenye majani makavu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unatafuta nini shambani kwangu?"

"Nimekuja kukupa pole. Nasikia umeshindwa."

"Nifanyeje nimshinde Nsia?"

"Mbona rahisi! Unayaona machipukizi haya? Yanamnyonya mama yao. Yang'oe na mizizi yake, nguvu yote ipande kwenye mkungu. Wala usihangaike kuyatupa, nitayaondoa mimi. Nakusaidia tu."

Mnajua Nungunungu anapenda kula nini? Machipukizi na mizizi yake, mnajua. Hata Aikaruwa alijua. Alizaliwa migombani yule. Alijua mgomba huzaa mara moja ukafa, na chipukizi ndilo linaloshika nafasi yake. Alijua vizuri sana, na jembe akalichukua.

Chwa! Akang'oa machipukizi ya upande wa juu. Mama mkwe akapaza sauti mlangoni, "Wewe! Kesho kutwa nitakula nini?"

"Mama, nyamaza. Ni kwa ajili ya Mungu."

Mavuno yakafika. Aikaruwa chane kumi. Nsia kumi na moja.

Chwa! Chwa! Akang'oa ya upande wa kati. "Wewe! Nitakula nini?"

"Mama, nyamaza. Ni kwa ajili ya Mungu."

Mavuno yakafika. Aikaruwa chane kumi na mbili. Nsia kumi na tatu.

Chwa! Chwa! Chwa! Akang'oa yote, hata la dawa halikubaki. "Wewe! Mimi nitakula sifa zako?"

"Mama, nyamaza!"

Mavuno yakafika. Mkungu wa Aikaruwa ulibebwa na wanaume wawili kwa mti mabegani. Chane kumi na sita! Nsia mwaka huo alikuja na kimkungu cha chane saba. Kanisa zima likapiga makofi, na Nsia akapiga kuliko wote.

"Wifi, hongera! Mkungu gani huu! Mungu akubariki!"

Aikaruwa akamtazama usoni. Hakuona kinyongo, hakuona wivu. Miaka yote hiyo alikuwa anashindana na mtu ambaye hakujua kama kuna mashindano.

Akarudi nyumbani, akakaa kibarazani, akasubiri kupendwa. Akasubiri mpaka jua likahama. Makaburi matatu yalikuwa palepale nyuma ya nyumba. Kifua chake kilikuwa kizito vilevile. Mimi hapa huwa nachoka, jamani. Kushinda kote kule, na hakuna kitu.

Migomba ikamaliza kuzaa, ikaanguka mmoja mmoja. Chini yake hapakuwa na chipukizi. Aikaruwa akamfuata Nungunungu shimoni kwake.

"Shamba langu limekwisha!"

"Na mimi nimeshiba, mama. Nahama."

"Ulisema Mungu atanipenda!"

"Mimi? Mimi nilisema utashinda. Hukushinda?"

Basi wakawa wanakula majani ya maboga, asubuhi majani, jioni majani. Nsia alipopita kuwajulia hali, Aikaruwa alisimama mlangoni amezuia njia. "Tumeshakula, wifi." Mama mkwe akakonda, mikono ikabaki mifupa. Aikaruwa akitazama mikono ile, anatamani kufa.

Siku ya mavuno ikafika tena. Hakutaka kwenda. Lakini kikongwe alitaka kanisa lake, na bila kushikwa mkono hatembei. Wakaenda. Watu wakapita mbele na mizigo yao, nyumba baada ya nyumba. Zamu ikafika. Aikaruwa akasimama na mikono mitupu mbele ya kanisa zima.

Akasema kwa sauti ndogo, "Bwana Yesu, sina kitu. Shamba nimeliua mwenyewe. Kama unapenda kwa kuhesabu chane, basi niache leo. Sina nguvu tena ya kukukimbilia."

Akasubiri kuachwa. Hakusikia sauti, hakuona mwanga. Ila alijikuta bado amesimama, na hakuna aliyemsukuma nje. Akarudi kwenye benchi, akaegemea bega la mama mkwe, akalala. Akalala fofofo! Akakoroma!

Mzee wa kanisa akaja mbio. "Mwamsheni huyu! Anakoroma mbele za Mungu!"

"Mwache," akasema kikongwe. "Miaka mingapi hajalala huyu? Kwani mtoto akilala kwa baba yake, anafukuzwa?"

Mzee akarudi kukaa.

Alipoamka, ibada imekwisha. Kanisa tupu, wamebaki watatu, yeye na kikongwe na Nsia. Hakuna muujiza, nisiwadanganye. Shamba lilikuwa limekufa bado, na njaa ilikuwa inamsubiri nyumbani.

Nsia akasema, "Wifi, hujui! Mwaka huu mkungu mkubwa kuliko yote ulikuwa wa..."

"Usiniambie, wifi," akasema Aikaruwa. "Nina njaa. Mama naye ana njaa. Tugawie ndizi."

Ndilo neno gumu kuliko yote aliyowahi kuyasema, na alilisema akiwa amekaa. Nsia akaangua kilio. Wakamshika kikongwe huku na huku, wakashuka kuelekea mferejini.

Nami nimeishia hapo mferejini, sikuvuka nao. Mwenye njaa aombe, mwenye nacho agawe, aliyechoka akalale.

Tumelala!

Basi lala salama, wewe uliyeitikia na wewe uliyenyamaza.