Mtamba wa Mama Kihwele

Sogeeni karibu, na mwenye jibu la haraka alimeze kwanza. Kisa hiki kilipelekwa kwa hakimu mmoja mstaafu, mtu wa miwani mbili, moja ya kusomea na moja ya kuogopesha. Akakisikiliza chote, kisha akasema jino linamuuma. Tuone ninyi.

Palikuwa na ndugu watatu mjini Mafinga, kila mmoja na kipawa chake. Kastuli Mgaya, wakala wa bima, alijaliwa subira: angeweza kusoma fomu nzima, hata yale maandishi madogo kama mayai ya chawa. Binamu yake Yusta, binti wa shangazi yake, aliyeuza uji kwenye mashine za kusaga nafaka, alijaliwa masikio. Na shemeji yake Kastuli, Osmundi Komba, Mngoni aliyemwoa dada yake, alijaliwa mdomo. Mdomo tu. Lakini mdomo ule!

Kastuli alikuwa amezunguka na mkoba mwaka mzima hadi visigino vya viatu vikaisha, na mkewe ameanza kumuuliza kwa upole kama kuuza mkaa ni aibu. Ndipo akawaita wale wawili.

"Ndugu zangu, bima naijua, watu siwajui. Binamu, nitafutie majina. Shemeji, nipangie miadi. Tutakachopata tutakula pamoja."

Yusta akarudi na jina moja.

"Mwezi mzima, jina moja?" Kastuli akashangaa.

"Ulitaka majina au ulitaka mteja? Wenye mashine mpya waache, hao bado wanajigamba. Nenda kwa Mama Kihwele. Waya wake ulitoa cheche wiki iliyopita, tangu hapo amehamishia godoro mashineni. Watu wanadhani anavizia wezi. Mimi nimempa uji asubuhi, nimemsikia akiuliza kama hapanuki moshi. Yule anaogopa moto."

Kastuli akacheka kwa uchungu. Jina hilo alikuwa amelikata kwenye daftari zamani. Siku alipomtajia Mama Kihwele neno moto, alifukuzwa kwa ufagio: "Usinitabirie!" Angemrudia vipi?

"Hiyo niachie mimi," akasema Komba.

Mnajua Wahehe na Wangoni: mababu walipigana mikuki, wajukuu wakabaki kupigana vijembe. Mama Kihwele ni Mhehe. Neno ambalo mtu mwingine akilisema ni uchuro, mtani akilisema ni kicheko. Basi Komba akaingia mashineni mchana kweupe, akajilaza sakafuni mbele ya kinu, akaangua kilio.

"Wee Mngoni! Nani kafa?"

"Mashine yako, mtani! Imeungua Jumamosi ijayo. Nimekuja kulia mapema niwahi ubwabwa wa kwanza wa matanga!"

Watu wakashika mbavu. Mama Kihwele akamwagia debe zima la pumba, akacheka mpaka kanga ikamlegea. Kisha kicheko kikamwisha, akakaa juu ya gunia. Kwa mara ya kwanza tangu zile cheche, kuna mtu alikuwa ametamka lile jambo lililomlaza mashineni, na yeye bado yu hai.

"Nitakutoza faini," akasema taratibu.

"Nakubali. Faini yangu ni hii: Jumanne saa nne nakuletea shemeji yangu. Utamsikiliza mpaka chai yake iishe."

Jumanne Kastuli akaenda, na chai akainywa kwa kijiko. Mama Kihwele alitaka kukatia bima mashine peke yake. "Chuma changu kinatosha."

"Na haya magunia, mama?"

"Ya wateja hayo. Yanipe shida gani?"

"Yakiungua watakudai wewe, si moto." Akamsomea fomu mstari kwa mstari, akamwonyesha pa kuandika mahindi ya watu. Wala hakukubali aweke sahihi mpaka fundi alipokuja kubadilisha ule waya. Mteja mwenyewe alishaanza kupiga miayo.

Miezi minne baadaye moto ukaja kweli, ila ulitoka kwa jirani, kwenye lundo la maranda ya mbao. Mashine ikateketea. Magunia yakateketea. Lakini bima ikalipa, wenye mahindi wakapata haki yao, na Mama Kihwele hakuhama mji wala hakukwepa macho ya mtu sokoni.

Kamisheni Kastuli alikuwa amekwisha kuigawa mafungu matatu sawasawa. Nani angegombana? Ugomvi ulikuja na shukrani.

Mama Kihwele alifika kwa Kastuli akiongoza mtamba wa maziwa mwenye mimba. Akapiga magoti, mama mzima yule, machozi yanamtoka. "Ninyi mmenisitiri. Huyu apewe aliyeniokoa. Hauzwi, hachinjwi, na hana wenyewe wawili."

"Mama, basi mtaje mwenyewe huyo aliyekuokoa!"

"Mimi nimeshukuru, mwanangu. Kuchagua si kazi yangu." Akaenda zake.

Kastuli akabaki na kamba mkononi, moyo umemjaa. Angewapa wote wawili dunia, na dunia yenyewe ilikuwa ng'ombe mmoja.

"Binamu," akasema Yusta, "jina hilo ulikuwa umelikata. Nani alilifufua?"

"Jina hata Kastuli alikuwa nalo," akasema Komba. "Mlango ulikuwa na ufagio. Nani aliufungua?"

"Na mlango ulipofunguka," Kastuli akajibu, "mngeandika chuma peke yake. Leo angekuwa anadaiwa magunia mia."

Komba akacheka. "Shemeji, mtani halipwi, mtani hujichukulia." Akashika kamba upande wa mbele. Na kwa mila shemeji naye ni mtani, na mtani akichukua, kununa ni marufuku.

"Kwani binamu si mtani?" Yusta akadaka kamba upande wa nyuma. "Nuna basi, tukuone!"

Kastuli akasimama katikati, haruhusiwi kununa huku wala kule, anawapenda wote, na mkewe dirishani anauliza kama maziwa yapo au hayapo. Mtamba naye anatafuna mchicha wa watu.

Haya, wenye hekima. Hakimu aliumwa jino. Ninyi meno yenu nayaona yote mazima. Aliyesikia, aliyechekesha, aliyesoma: kamba hiyo mngemwachia nani, na wale wawili mngewaambia nini wasiende nyumbani na kinyongo?