Safari ya Ng'ambo Aliyoiuza Nguchiro

Ngano yangu iko mlangoni.

— Na iingie.

Imetoka mbali, imechoka.

— Ipewe kigoda, ikae.

Ikikaa itasema, na ikisema msiniulize kama ni kweli.

— Hatuulizi. Tupe.

Haya. Hapo kale, wanyama walipokuwa bado wanaagana kwa ngoma mtu akisafiri, si kama nyinyi mnaoagana huku mnatafuna, palikuwa na kijiji kando ya mto mpana. Upande huu wa mto ni kwetu. Upande wa pili ni ng'ambo. Hakuna mwanakijiji aliyewahi kufika ng'ambo, kwa hiyo wote walijua kwamba kule ni kuzuri.

Katika kijiji hicho aliishi nungunungu mmoja, Bi Siwatu. Kazi yake ilikuwa kuchimba viazi. Asubuhi anachimba, mchana anachimba, jioni anachimba. Alikuwa na mdogo wake, Chausiku, mwenye watoto tele na mume hayupo. Msiniulize alikwenda wapi; kila kijiji kina waume wa namna hiyo. Mvua zikiisha, kila mmoja hujaza ghala lake viazi, maana kiangazi cha pale kilikuwa kirefu na kikali, na waliokiingia na ghala tupu hawakuonekana tena.

Siku moja akaja Nguchiro. Mnamfahamu: mwembamba, kachana mkia, anaongea na kila mtu kama shemeji yake. Akasimama uwanjani.

"Jamani, nani anataka ng'ambo? Mvushaji ninaye, Kiboko. Mwenyeji ninaye, Kenge, mtu wangu kabisa. Chakula kimo. Malazi yamo, na chumba kinatazama ziwa. Mlima Mweupe nao umo, ule ambao kilele chake kinang'aa kama meno ya mtoto. Kila kitu kimo. Wewe beba mwili tu."

Semeni na mimi: kila kitu kimo.

— Beba mwili tu.

Bi Siwatu akamsogelea. "Huko umefika wewe?"

"Mimi? Dada yangu, kule nimekwenda mpaka nimekinai."

"Na malipo?"

"Nusu ya ghala. Mwenzako ningemwambia zaidi."

Bi Siwatu akafikiri. Maisha yake yote alikuwa ametazama chini: udongo, mizizi, udongo. Alitaka kabla hajafa aone kitu kirefu, kimoja tu, ambacho hakukichimba yeye. Akalipa. Mzee Ngiri naye akalipa. Mama Kanga naye akalipa. Watatu.

Sasa tulieni, maana balaa lote limeanzia hapa. Katika kijiji kile msafiri lazima aagwe. Ngoma inapigwa, chakula kinapikwa, kila mtu anakuja na kifurushi na agizo lake. "Mimi uniletee kokoto ya mlima." "Mimi unyoya wa ndege wa huko." "Mimi chochote, mwanangu, hata mchanga." Na ukishaagwa, umeagwa. Huruhusiwi kurudi kabla ya muda uliotajwa siku ya kuagwa, wala kurudi mikono mitupu. Mtu angerudi mapema, wangemwimbia wimbo wake mpaka wajukuu zake waujue.

Wale watatu wakaagwa vizuri sana. Nguchiro hakuagwa, kwa sababu yeye hakuwa anakwenda popote. Aliwapungia mkono mpaka wakatokomea, kisha akaenda kuhamisha viazi.

Mtoni Kiboko akawapakia mgongoni. Walipokaribia ukingo, akasimama majini.

"Mwisho hapa."

"Si hatujafika?" akasema Mzee Ngiri.

"Nililipwa kuvusha mto. Kuteremsha ni jambo jingine."

Wakateremka wenyewe, Mama Kanga akiwa amelowa hadi shingoni. Ukingoni wakamkuta Kenge anaota jua. Akawakaribisha, akawaambia malazi ni mwendo mfupi tu. Wakatembea. Wakatembea. Wakatembea mpaka nyayo zikavimba.

Mzee Ngiri akauliza, "Bwana Kenge, huu mwendo mfupi ni wa nani?"

"Wa Duma. Yeye ndiye aliyetupimia."

Malazi yenyewe yalikuwa shimo.

"Na ziwa?" akauliza Mama Kanga.

"Panda juu ya Mzee, ugeuze shingo kushoto."

Mama Kanga akapanda, akageuza. "Naona kitu kinang'aa. Mbona kama kidimbwi?"

"Ni ziwa changa," akasema Kenge. "Lipeni muda."

Chakula kikaletwa. Ni kweli chakula kilikuwemo, Nguchiro hakusema uongo. Ila kilikuwa kile anachokula Kenge, na Kenge anakula mayai. Mzee Ngiri, ambaye anakula majani, akayatazama mayai yale. Bi Siwatu akayatazama. Mama Kanga akayatazama, akainuka, akatoka nje. Hapa tunyamaze kidogo, kwa heshima yake.

Haya. Asubuhi Bi Siwatu akasema, "Twende mlimani."

"Mlima kesho. Leo tunakwenda kwa shangazi yangu, anauza vyungu."

Wakashinda kwa shangazi. Kesho yake Bi Siwatu akasema, "Twende mlimani."

"Mlima kesho. Shangazi ametoa vyungu vipya."

Wakashinda tena kwa shangazi. Siku iliyofuata Bi Siwatu alikaa mlangoni na kumkodolea Kenge macho mpaka Kenge mwenyewe akachoka.

"Sawa, sawa. Lakini kuutazama kuna malipo ya pembeni."

"Tuliambiwa mlima umo."

"Mlima umo, bibie. Kuutazama ndiko hakumo."

Nyinyi mnacheka. Mngekuwa mmetoka mbali kiasi kile mngelipa, kama walivyolipa wao. Mzee Ngiri akatoa nywele za ubavuni. Mama Kanga akang'oa manyoya ya kichwani, na kipara chake mnakiona mpaka leo. Bi Siwatu akang'oa miiba ya mgongoni, mmoja mmoja, na kila mmoja uliuma.

Kenge akawapandisha kwenye kichuguu, akanyoosha mkono. "Ule pale."

Mbele yao palikuwa na ukungu, na nyuma ya ukungu, ukungu mwingine.

"Uko wapi?" akauliza Bi Siwatu.

"Leo haupokei wageni."

"Utapokea lini?"

"Mkija tena," akasema Kenge, na miiba akaifunga kwenye jani.

Basi wakarudi mtoni. Hapo wakakumbuka: muda walioagwa nao haukuwa umekwisha. Upande wa kwao waliona moshi wa majiko yao wenyewe, wakasikia hata harufu ya chakula, na kuvuka hawakuweza. Wakajificha kichakani, wakila majani, Mama Kanga akiokota vijidudu, wakingoja aibu iishe muda wake.

"Tukifika tutawaambia nini?" akauliza Mama Kanga.

"Tutasema ilikuwa nzuri," akasema Mzee Ngiri.

"Na kipara changu?"

"Mtindo wa huko."

Wakaokota kokoto za mtoni kuwa kokoto za mlimani. Mchanga wa mtoni ukawa mchanga wa ziwani. Muda wao ulipotimia wakatafuta penye maji machache, wakavuka kwa miguu, wakajitokeza uwanjani wamekonda, wamebabuka, wamenyonyoka.

Kijiji kikashangilia. "Wamependeza." "Ndivyo wanavyovaa huko." Wasichana wakaanza kujinyonyoa vichwa. Mzee Ngiri akasimulia ziwa lisilo na mwisho. Mama Kanga akasimulia mapishi. Bi Siwatu alikaa kimya, kwa sababu alikuwa amechoka, na kimya chake wakakiita uzoefu.

Nguchiro naye akapandisha bei. Si nusu ya ghala tena. Ghala zima.

Bi Siwatu akapita kwa mdogo wake, akamkuta anatoa viazi vyote nje.

"Unafanya nini, mdogo wangu?"

"Nahamishia kwa Nguchiro. Kesho kutwa naagwa."

"Na watoto watakula nini kiangazi?"

"Amesema ukirudi kutoka ng'ambo watu wanakuheshimu, watakupa."

"Kaa chini, Chausiku." Bi Siwatu akamwambia. Akamwambia juu ya mto, juu ya shimo, juu ya mayai. Akageuka akamwonyesha mgongo. "Huu si mtindo. Nimenyonyolewa."

Chausiku akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kwa nini wewe ukishapata hutaki mwenzio apate?"

"Nakwambia hakuna kitu kule."

"Mzee Ngiri kaliona ziwa. Mama Kanga kala vizuri. Wewe peke yako ndiye hukuona kitu. Dada, huu ni uchoyo, na tangu utotoni unao."

Mnaona kazi hiyo? Uongo wa watatu, mmoja anataka kuufuta peke yake, tena baada ya kuufaidi kwa kunyamaza. Bi Siwatu hakuwa na nguvu za kubishana. Akatazama watoto wa mdogo wake wanavyobeba viazi, mmoja kakumbatia kiazi kikubwa kuliko kichwa chake. Akajua kwamba wakikosa ghala lile hawataziona mvua. Akaondoka bila kuaga.

Siku ya kuagwa ikafika. Ngoma, chakula, vifurushi. Viazi vya Chausiku na vya wenzake vimelundikana mlangoni kwa Nguchiro kama kichuguu. Bi Siwatu akaomba kusema.

"Wenzangu, nimekaa kimya sana. Leo nasema. Ng'ambo kulikuwa kama Nguchiro alivyosema."

Nguchiro akatabasamu, akachana mkia.

"Ila kitu kimoja tu kilituumiza. Kenge alikuwa anatuuliza kila siku: mwenzenu yuko wapi? Nguchiro wangu mbona hamkuja naye? Kenge wa watu hali, halali. Sasa tunaaga hawa, na yeye tunamwacha? Yeye alituaga sisi, na sisi hatujamuaga hata mara moja. Hivi sisi ni watu gani?"

Uwanja ukanung'unika. Ni kweli. Ni aibu.

"Aa, dada yangu," akasema Nguchiro, "mimi kule nimekwenda mpaka nimekinai."

"Tunajua. Kwa hiyo tangulia wewe, uwaandalie hawa nafasi, kisha urudi uwachukue. Au kule hukujui?"

Nguchiro akaacha kuchana mkia. Aseme hakujui? Mbele ya kijiji kizima?

Mama Kanga, aliyekuwa amenuna tangu siku ya mayai, akainuka taratibu. "Kifurushi chake nitamfungia mimi mwenyewe."

"Nami nitamsindikiza," akasema Mzee Ngiri. "Mpaka majini."

Ngoma ikalia. Watu wakampa Nguchiro vifurushi, wakampa maagizo: kokoto mia, manyoya ya ndege, chungu cha shangazi. Bibi kizee mmoja akamwagiza kipande cha mlima. Akajaribu kusema viazi vile avihamishe kwanza.

"Viazi vya nini?" akasema Bi Siwatu. "Kila kitu kimo. Wewe beba mwili tu."

Wakamwimbia mpaka mtoni, wakampandisha juu ya Kiboko, wakampungia mikono. Naye Kiboko, karibu na ukingo, akasimama majini. Kenge alimpokea kama anavyopokea wageni wake wote, na biashara ni biashara: kumwonyesha mlima alimdai manyoya ya mkia.

Kurudi hakuweza. Ameagwa, na maagizo ya kijiji kizima yako kichwani mwake, na hana hata moja. Hivyo kila siku hutoka shimoni, akasimama kwa miguu miwili, akanyoosha shingo kutazama mtoni kama wale waliomuaga bado wapo. Mkimwona amesimama hivyo, na mtamwona, msimwite. Anaona haya.

Watu wakangoja. Nguchiro hakurudi, basi kila mmoja akaja kuchukua viazi vyake. Kiangazi kikaja. Kilikuwa kibaya kuliko vyote. Bi Siwatu, ambaye nusu ya ghala lake ilishaliwa na Nguchiro, alikipitisha kwa nusu iliyobaki, akikonda. Chausiku alikipitisha kwa ghala lake zima, na watoto wake wote waliziona mvua.

Na kila kiazi alichokula, alikila amenuna. Kisimani aliwaambia wenzake, "Ningekuwa nimefika ng'ambo mimi. Dada yangu ndiye aliyeniharibia."

Mvua ya kwanza iliponyesha, walikuwa wameketi wawili kizingitini, wanamenya. Chausiku akasema, bila kumtazama, "Lakini dada. Huo mlima. Ulikuwa mzuri?"

Bi Siwatu alikuwa na maneno mengi ya kumpa, mazuri yote. Kuyapanga akachoka.

"Sikuuona, mdogo wangu. Kulikuwa na ukungu."

Chausiku akatupa ganda kwenye matope.

"Unaona sasa," akasema. "Hata kunisimulia unaninyima."

Ngano yangu imeinuka, inataka njia.

— Tuipishe.

Aliyeipenda aende nayo kwake. Aliyeichukia aiache hapa hapa kizingitini, kesho nitafagia.