Ua Ambalo Kila Mtu Alilijua

Wewe unayesoma hapa, sema kweli: mara ya mwisho kusema "sijui" mbele za watu ilikuwa lini?

Basi kaa na jibu lako. Mimi nitakusimulia habari za Mfalme Mbonea, na ukimaliza kuzisoma, mpelekee yule ambaye jina lake limekujia kichwani sasa hivi.

Mfalme Mbonea alitawala nchi ndogo ya milimani, yenye msitu mnene na watu wenye maneno mengi. Kuta za baraza lake zilijaa picha alizopewa na wageni: farasi kwenye theluji, maua ya nchi za baridi, bata ambaye hakuna aliyemjua. Siku moja alizitazama, akachoka.

"Tunakaa chini ya bata wa watu," alisema, "na mbega wetu wako hapo nje wanatuchungulia dirishani. Niitieni Nakijwa."

Nakijwa alikuwa mchoraji. Mfalme akamwagiza achore kwa rangi za akriliki, kwenye turubai pana kama mlango wa zizi, mimea na wanyama wa mlima wao, na si wengine. Picha ikipendeza, atapewa kuta zote zilizobaki na cheo cha mchoraji wa baraza. (Ndiyo, mfalme wa hadithi na rangi za akriliki. Anayetaka rangi za magome ya miti atafute msimulizi mwingine.)

Ikatoka na amri: mtu yeyote asiione picha kabla ya siku ya uzinduzi, na atakayeigusa atashushwa tambarare akachunge mbuzi.

Watu wa mlimani waliiogopa tambarare kuliko homa. Kule kuna joto, na mbuzi wa kule hawasikii la mtu.

Nakijwa akaanza kazi. Alikwenda msituni, akachuchumaa mbele ya kinyonga mpaka kinyonga akamchoka, kisha akarudi kuchora. Akriliki haina subira. Hukauka upesi kuliko umbea unavyosambaa, na ikishakauka, hata sabuni ya kufulia haiitoi. Kwa hiyo kila jani alilifikiria kwanza, ndipo akalichora.

Siku ya uzinduzi baraza lilifurika. Shuka likavutwa, na watu wakapiga vigelegele kama wamepokea bibi harusi.

"Huyo mbega namjua! Ndiye aliyenimalizia mahindi!"

"Mtazame hondohondo alivyonuna! Shemeji yangu mtupu, akiombwa mchango!"

Watoto walibebwa mabegani wakamhesabie nungunungu miiba. Vikongwe waligusa hewa mbele ya mshubiri na mkuyu, wakacheka kwa furaha ya kuona nyumbani kwao kumepewa ukuta mzima. Hata mfalme alitabasamu, ingawa alikuwa amejifunika joho zito na jasho lilikuwa likimtiririka.

Nakijwa naye alikuwa akicheka, mpaka macho yake yalipofika pembeni, chini, karibu na majani ya kangaga. Hapo palikuwa na ua nene la zambarau, lenye petali zilizovimba kama mashavu ya mtoto anayelia.

"Hilo ua silo langu," alisema.

Kicheko kikapungua.

"Una maana gani?" aliuliza Profesa Mndeme, mtaalamu wa mimea wa nchi nzima, mtu ambaye hata salamu aliitolea mhadhara.

"Sikulichora. Wala silijui. Halioti mlimani kwetu."

Profesa akasogea, akavaa miwani, akaivua, akaivaa tena. Angeweza kusema "hata mimi silijui" na hadithi yangu ikaishia hapo. Lakini watu mia walikuwa wanamtazama.

"Binti," alisema, "hili ni ua maarufu sana. Huota mabondeni, kwenye kivuli, nyakati za ukungu. Nashangaa hulijui."

"Maarufu!" akadakia Waziri Kiangi, ambaye hakupenda kupitwa na jambo. "Bibi yangu alinichemshia kila asubuhi. Kwa viungo hakuna dawa kama hiyo. Magoti, viwiko, kila kitu."

Likawa limefunguliwa lango. Mmoja akasema majani yake yanatuliza watoto. Mwingine akasema mizizi yake inatuliza wakwe. Mama mmoja akaapa kwamba alijipamba nalo nywele zote siku ya harusi yake, na mumewe, maskini, akatikisa kichwa kukubali.

"Basi nionyesheni linapoota," alisema Nakijwa.

"Sikilizeni huyu!" Waziri aliwageukia watu. "Mchoraji asiyejua mimea ya kwao! Nani ajuaye kama hata hao wanyama hakuwanakili mahali? Tena, binti, kama hukulichora wewe, basi mtu kaigusa picha ukiwa mlinzi wake. Ama hujui kazi, ama umeshindwa kuilinda. Njia zote mbili zinateremka kwa mbuzi."

Watu wakamgeukia mfalme. Mfalme akakohoa.

"Chakula kinapoa," alisema. "Twendeni tukale."

"Sili, Mtukufu," alijibu Nakijwa. "Naomba neno moja. Aniletee mtu yeyote ua hili, au hata jani lake moja. Likionekana, nitaweka brashi zangu miguuni pako na nitateremka mwenyewe."

Mfalme hakuwa na pa kukwepea. Akapanga siku ya gulio.

Ewe ndugu, siku ya gulio ua lilikuwa limejaa kila mahali! Liliuzwa bichi, kavu, la unga na la mafuta. Waziri alileta gunia la majani ambayo, kwa jicho langu, yalikuwa matembele. Profesa alileta mzizi ndani ya chupa, na chupa yenyewe ilikuwa ya siki. Hakuna viwili vilivyofanana, lakini kila mwenye chake aliapa kwamba ndilo lenyewe.

"Hayafanani," alisema Nakijwa.

"Lina aina nyingi," alisema Profesa.

Hapo akasimama shangazi wa mfalme, mwanamke aliyemlea mfalme na kwa hiyo hakumwogopa.

"Mbonea mwanangu," alisema, "tangu siku ya picha mkono huo wa kulia umeuficha ndani ya joho. Juzi hata ugali ulikula kwa kijiko, kwa mkono wa kushoto. Unaumwa kiwiko, nawe hutaki kusema. Si wamesema hii ni dawa ya viwiko? Wakuchemshie unywe. Ukipona, tutajua ua ni la kweli na binti huyu ndiye mwongo."

Baraza zima likashangilia. Majani ya Waziri na mzizi wa Profesa vikatiwa sufuria moja. Kikombe kilichomfikia mfalme kilikuwa na rangi ya maji ya mtaro, na harufu yake siwezi kuiandika, kwa kuwa huenda unakula.

Mfalme alikitazama.

"Waziri, ulisema ulikunywa hii utotoni."

"Kila asubuhi, Mtukufu."

"Basi nionjee."

"Mimi nimefunga leo, Mtukufu."

"Si nimekuona unatafuna muwa?"

"Ndiyo nimeanza kufunga sasa hivi."

"Profesa?"

"Dawa hunywewa na mgonjwa, Mtukufu. Mzima akinywa, inakasirika."

Watu walicheka mpaka benchi la nyuma likaanguka. Nakijwa peke yake hakucheka. Alifungua kitambaa alichofungia brashi zake, nene na nyembamba, mipini imelika kwa miaka ya kushikwa, akazipanga sakafuni mbele ya kiti cha enzi.

"Siwezi kubishana na nchi nzima," alisema. "Mtukufu, nakuomba jambo moja tu. Msimfute mbega. Watoto wamempenda."

Akageuka kuelekea mlangoni.

Mfalme aliziangalia brashi. Akaangalia kikombe. Akamwangalia mbega ukutani, na labda mbega naye alimwangalia, maana Nakijwa alijua kuchora macho.

"Binti, rudi," alisema.

Akaweka kikombe chini. Akasimama, akalivua joho. Ndani alikuwa na kanzu ya baraza, ile moja tu aliyorithi kwa baba yake, ambayo hakuna kikao kinachokaa bila yeye kuivaa. Ilikuwa nyeupe kama maziwa, isipokuwa mkono wa kulia. Pale kwenye kiwiko palikuwa na doa nene la zambarau.

Shangazi akasogea kulitazama.

"Siumwi," alisema mfalme. "Mchana mmoja, nikitoka barazani, binti huyu alikuwa amekwenda kula. Nikaingia chumba chake cha kuchorea, nikachungulia. Nilitaka kujua kama amenichora na mimi humo, japo kidogo, japo nyuma ya mti. Nikainama kujitafuta kwenye kangaga, nikaegemea sahani ya rangi, kisha nikaegemea picha. Nikafuta kwa mate. Kila nikifuta, linaota petali."

Akashusha pumzi.

"Hilo si ua, ndugu zangu, na hakuna bibi wa mtu yeyote aliyewahi kulichemsha. Hicho ni kiwiko changu."

Funzo: Kosa la mtu mmoja ni doa tu, sisi tunaoona haya kusema "sijui" ndio tunaoliotesha mizizi na majani, kisha tukamtafuta mtu mwingine wa kuchunga mbuzi.