Jumanne Iliyoachwa Tupu

Wahenga walisema akiba haiozi. Wengi wetu tukiisikia methali hii huwaza gunia la mtama au fedha za kibubu. Anifa Shamte wa Singida mjini alijua kwamba hata siku huwekwa akiba.

Anifa alikuwa mpangaji wa mradi katika karakana iliyounda ndege ndogo isiyo na rubani, ya kupeleka damu vituo vya afya vya mbali. Mama yake, Bi Zabibu, alipata taabu kuieleza kazi hiyo. Akisema, "Mwanangu ni mpangaji," majirani humwuliza, "Kapanga kwa nani?" Lakini safari hii hapakuwa na mzaha. Wakaguzi wa anga wangekuja Alhamisi kuitazama ndege ikiruka hadi kituo cha afya cha Mtinko. Ikishindwa, kibali kingekosekana, karakana ingefungwa, na wajawazito wa Mtinko wangeendelea kuisubiri damu kwa pikipiki.

Ubaoni Anifa alizipanga kazi zote za wiki, isipokuwa Jumanne. Hapo aliandika neno moja tu: AKIBA. Fundi Damiani alipoliona, akatoa kitabu chake cha kikoba, chama chao cha kuweka na kukopa.

"Dada, hisa tunanunua Jumanne?"

Karakana nzima iliangua kicheko. Kumbe mkurugenzi wao, Bwana Rahimu, alilielewa neno vilevile, ila yeye hakuuliza. Alikuwa hodari wa mitambo, lakini subira aliiona kama ugonjwa.

"Anifa, kikoba chenu kifanyeni Jumapili," alisema kwa furaha. "Nimewapigia wakaguzi waje Jumanne. Tuwaonyeshe kuwa sisi hatulali!"

Anifa alimgeukia. "Samahani, mkurugenzi. Ile si siku ya kikoba, ni akiba ya kazi. Jumatatu tunaijaribu ndege. Ikipata jambo, tutaitengeneza lini?"

"Jambo gani? Ndege ni nzima kabisa!"

"Huu mwezi wa nane, mzee. Upepo wa Singida hauombi ruhusa. Mama yangu ana vihenge viwili vya mtama, na cha pili hakiguswi kabla cha kwanza hakijaisha, hata mwaka wa neema. Kuna miaka tulikula hicho cha pili tu. Wapigie waje Alhamisi kama tulivyopatana, au niruhusu nipige mimi."

Rahimu alimkazia macho. Anifa hakuyakwepa. Mwishowe mkurugenzi akamsogezea simu.

"Piga wewe. Na aibu iwe yako."

Anifa alipiga, akaomba radhi bila kumtaja mtu, na wakaguzi wakakubali.

Jumatatu ndege ilipaa vizuri ajabu, hata Rahimu akaanza kumtupia Anifa jicho la "nilikwambia". Haikufika mbali. Upepo uliinyanyua kama kishada kilichokatika uzi, ukaibwaga katika shamba la alizeti. Bawa la kushoto likavunjika.

Jumanne, siku ambayo wakaguzi wangekuwa wamesimama uani wakiitazama ndege kilema, mafundi walishinda wakiunda bawa jipya. Rahimu mwenyewe alivua koti, akashika tupa. Anifa naye hakumcheka, ingawa moyoni alifurahi, tusidanganyane. Jumatano wakaijaribu tena, ikaenda na kurudi salama.

Alhamisi asubuhi, kabla upepo haujaamka, ndege ilipaa mbele ya wakaguzi ikapotelea kaskazini. Muda si muda simu ya Anifa ikaita. Alikuwa Editha, muuguzi wa Mtinko.

"Imetua, dada! Mfuko wa damu bado wa baridi!"

Nyuma yake vigelegele vilisikika, na machozi yakamtoka Anifa mbele za watu.

Kibali kilitolewa. Rahimu alikwenda ubaoni, kwenye ratiba ya mwezi uliofuata aliyoijaza pomoni kwa mkono wake, akafuta siku mbili, akaandika AKIBA.

"Za kikoba, mkurugenzi?" Damiani aliuliza.

"Za kazi, bwana! Mwulize dada yako."

Anifa alicheka tu, akachukua mkoba wake aende kumsimulia mama. Ama kweli, akiba haiozi.