Fisi Aliyelia Kivuko Kilipofunguliwa

Sogeeni, wajukuu zangu, sogeeni karibu na moto. Wewe unayetafuna bisi, meza kwanza. Tulieni kama kuku waliofunikwa tenga, nami niseme.

Bonde la Simba lilikosa chumvi. Lilikosaje? Simba, na kiburi chake kile, alimla mjumbe wa Nyati aliyekuja kwa amani. Nyati, mkubwa wa ng'ambo ya mto, akafunga kivuko: chumvi isiingie, mnyama asitoke. Ungedhani Simba atakwenda kuomba radhi. Thubutu! Alipanda kichuguu, mbavu zimemtoka, akanguruma: "Hawakutufungia sisi! Sisi ndio tumewafungia wao!" Na wale waliokonda wakapiga makofi, maana asiyepiga alijua kitakachompata.

Fisi akajipenyeza. "Mzee, niachie mimi. Najua njia ya panya. Nitaleta chumvi, roho yangu mkononi."

Kweli akaleta. Lakini bei yake! Donge moja kwa mtoto mmoja, "aje anitumikie nyumbani." Watoto wakaenda, hakurudi hata mmoja, na tumbo la Fisi likawambika kama ngoma ya harusi.

Ikafika zamu ya Paa. Maziwa yalimkauka kwa kukosa chumvi, na kitoto chake cha pekee hakikuweza hata kusimama.

"Shemeji," Fisi akamwambia, "utamzika huyo, au utanipa mimi? Kesho asubuhi namfuata."

Paa akakimbilia kwa Sungura, analia. Sungura akajikuna sikio. "Dada, usilie wewe. Kesho tutazame atakayelia."

Asubuhi Fisi yuko mlangoni kwa Paa, anajilamba. Mara Sungura huyo, mbio, anapiga mbiu: "Kivuko kimefunguliwa! Nyati kasamehe! Chumvi tele!"

Bonde zima likacheza. Hata Kobe alijaribu kuruka. Fisi peke yake alishika kichwa. "Uwii! Nimekwisha mie!"

"Bwana Fisi," Sungura akamuuliza, "mbona sherehe ya wenzio ndiyo matanga yako?"

Fisi alikimbilia pangoni, akatoka anaburura makanda ya chumvi, moja baada ya jingine. "Njooni! Leo kwa mfupa tu! Haya, nusu mfupa!"

Simba akamjia, mguu juu. "Jana uliniapia imebaki punje. Hii yote umeitoa wapi?"

"Nyati huyo, mzee! Hunipa chumvi bure niwaletee watoto na mama wanaonyonyesha. Mimi nilikuwa… nawahifadhia!"

Wale mama waliotoa watoto hawakungoja hukumu. Walimkanyaga kiuno, yeye na makanda yake, mpaka chumvi ikamwagika yote mchangani. Akatambaa kwenda zake porini.

Sungura akakohoa. "Samahani, jamani. Kivuko bado kimefungwa."

Paa akamgeukia Simba. "Basi, mzee, nenda kakifungue. Wewe ndiye uliyemfungulia Fisi duka."

Simba akatazama huku na huku. Hakuna aliyepiga makofi. Akashuka mtoni, akainamisha kichwa mbele ya Nyati, na kivuko kikafunguliwa.

Ukoo wa Fisi ukarithi kiuno kilichoporomoka na kilio cha usiku. Ukoo wa Simba ukarithi kuinama kila ufikapo mtoni. Ukoo wa Paa ukarithi ule mchanga wenye chumvi, unaulamba hadi leo. Wale watoto walioliwa hawakurithi kitu.

Vita vya panzi ni furaha ya kunguru.