Ushahidi wa Shangazi

Mwanamke mmoja alikuwa na kazi ya kujenga madaraja katika nchi ya milima, huko ambako mvua ikizidi, kijiji hutenganishwa na shule yake na zahanati yake. Aliitwa Tusekile. Alikuwa mhandisi mwenye leseni, na watu walimheshimu kwa sababu madaraja yake yalisimama.

Kazi hiyo ina sheria yake. Kijana akimaliza chuo haruhusiwi kujenga kwa jina lake mwenyewe. Sharti kwanza afanye kazi kwa miaka chini ya mhandisi mwenye leseni, ashuke kwenye mashimo ya msingi, asimamie zege likimwagwa, akosee mbele ya mtu wa kumrekebisha. Miaka ikitimia, mhandisi yule husimama mbele ya jopo la wakubwa wa taaluma na kusema, "Huyu nimemwona akifanya." Wakubwa hawakuwepo kule kwenye tope. Hawana ila neno hilo.

Tusekile alikuwa na wahitimu wawili chini yake. Mmoja alikuwa binti aitwaye Lusajo, mtoto wa watu, wala hawakuwa na udugu. Wa pili alikuwa Anyitike, mtoto wa kaka yake. Kaka huyo alikuwa fundi wa nondo, akafa shimo la msingi lilipobomoka akiwa ndani. Siku ya mazishi Tusekile ndiye aliyemshika mtoto mkono, na tangu hapo ni kama hakuwahi kuuachia.

Basi Lusajo alikwenda saiti, kule daraja linakojengwa, na Anyitike akabaki ofisini kuchora. Kila alipoomba kwenda, shangazi alikuwa na sababu: mara michoro haijakamilika, mara gari limejaa, mara kunanyesha. Kijana hakuwa mvivu. Mwanzoni alikuwa akija na buti zake asubuhi, akiziweka chini ya meza, akingoja kuitwa. Baadaye hakuja nazo tena. Tusekile aliliona hilo, akashukuru moyoni, na hakumwuliza kitu. Na Lusajo kule mtoni alikuwa akijifunza kusikiliza udongo kwa ncha ya sururu, kukataa kokoto chafu, kuwaambia mafundi wanaomzidi umri kwamba ukuta ule ubomolewe uanze upya. Mara nyingi Tusekile alisimama kando yake, tope likiwafika wote wawili magotini.

Miaka ikatimia, jopo likawaita. Tusekile akasimama akawasemea wote wawili, mmoja baada ya mwingine, kwa maneno yale yale: nimemwona akishuka, nimemwona akisimamia, namwamini. Hakusita. Alipotoka kwenye jina la Lusajo kuingia kwenye jina la Anyitike, sauti yake haikubadilika hata kidogo. Hilo ndilo lililokuja kumwuma baadaye kuliko mengine yote, kwamba sauti yake ilikuwa ileile.

Mkuu wa jopo, mzee mpole, akamgeukia Anyitike. Hakuwa na nia ya kumtega. Alitaka tu kusikia habari za kazi. Akamwuliza, pale walipochimba msingi wa nguzo ya katikati, walijuaje kwamba wamefika mahali pa kusimamisha daraja?

Anyitike alifungua kinywa. Majibu ya vitabuni alikuwa nayo, na yangetosha. Akamtazama shangazi yake, kisha akatazama mikono yake mwenyewe iliyokuwa juu ya meza, safi.

"Sijui, mzee," akasema. "Sikuwepo. Sijawahi kushuka kwenye shimo hata moja."

Hakuna aliyepaza sauti. Vijana wakaombwa watoke, Tusekile akabaki. Akaeleza habari za kaka yake na lile shimo, nao wakamsikiliza kwa heshima. Mmoja wao hata alitikisa kichwa kwa huruma. Kisha wakamwambia kwamba tangu siku hiyo hatamsemea mtu tena. Akakubali. Aliona ndiyo adhabu yake, na inamfaa, akainuka aende.

Mlangoni akakumbuka. Akageuka. "Lakini Lusajo mpeni leseni yake. Huyo alishuka kweli. Naapa alishuka."

Mzee akavua miwani. "Na yule pia ulituambia alishuka."

 Tusekile alisema kweli tupu, lakini ilitoka kwenye kinywa kilekile, na wale waliomsikia hawakuwa na namna ya kuitenganisha na uongo. Na sheria haikuwa na mlango mwingine: neno la mhandisi aliyemsimamia ndilo pekee lililohesabiwa.

Nje, Lusajo alikuwa ameketi kwenye benchi pamoja na mama yake, aliyekuwa amesafiri kutoka kijijini kuja kusikia mwanawe akiitwa mhandisi. Mama alivaa kitenge kipya. Alipomwona Tusekile akainuka, akapiga goti kidogo kumwamkia, akamshukuru kwa kumlelea mtoto. Tusekile alipokea salamu ile huku macho yake yakiwa sakafuni. Kisha ikambidi aseme, mbele ya mama yule, kwamba miaka ya Lusajo haitahesabiwa, kwamba itabidi aanze upya chini ya mtu mwingine, na sababu yake.

Lusajo hakulia. Alionekana kama mtu asiyeelewa lugha anayosemeshwa.

"Lakini Mhandisi," akasema, "si tulikuwa wote kule?"

"Tulikuwa wote," akajibu Tusekile. 

Anyitike alihama nyumba ya shangazi yake wiki hiyo, akaenda kuanza chini ya mhandisi mwingine, kwenye bonde la mbali, mashimoni. Tusekile hakumzuia. Lusajo naye alianza upya kwingine, na walipokutana sokoni alimwamkia kwa adabu kama zamani, akapita. Tusekile angependa atukanwe.

Ninyi mnaoaminiwa kuwasemea wengine: siku mlipomsemea mtu mmoja uongo kwa sababu mnampenda, mliwahi kujiuliza ni haki ya nani mliyokuwa mkimpa?